Kikundi chenu cha mtaani mpaka Geneva: mwongozo kamili wa uchechemuzi wa UKIMWI, TB na malaria

Kuna neno watu wa NGO wanalipenda sana, uchechemuzi. Mara ya kwanza nalisikia nilikuwa kwenye semina Tanga, nikamuuliza jirani yangu hivi huko ni kuchechemea au nini, akacheka mpaka soda ikammwagikia. Miaka imepita na bado naona watu wanaliogopa neno kuliko kazi yenyewe, wakati kazi yenyewe kuielezea ni sentensi moja tu: unajua dawa gani inakosekana zahanati kwenu, unajua nani ana uwezo wa kulimaliza hilo tatizo, unaenda kumwambia kabla hajafunga mahesabu. Hapo mwishoni ndo wengi wanaanguka, kwenye kabla hajafunga mahesabu.

Hii naiandika kwa ajili ya vikundi vya mtaani, konga (mitandao) za WAVIU, yaani watu wanaoishi na VVU, waliougua TB wakapona, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, akina mama wa vikoba waliochoka kuambiwa mRDT, vile vipimo vya haraka vya malaria, zimeisha njoo Jumatatu. Mifano mingi ni ya Tanzania maana ndo napojua, ya Kenya nimeweka pale ambapo najua utaratibu wao, wa Uganda, Burundi na Kongo mtabadilisha majina ya ofisi ila njia ni ile ile.

Kwanza jua hela inatembeaje

Usiruke hapa hata kama una haraka. Vidonge vingi vya ARV, dawa za TB na vyandarua unavyoviona kituoni vimelipiwa kwa sehemu kubwa na wafadhili, na mmoja mkubwa ni Global Fund, mfuko wa dunia wa kupambana na UKIMWI, TB na malaria. Ilianzaje? Aprili 2001 marais wa Afrika walikutana Abuja, Kofi Annan akasimama pale akasema dunia inahitaji mfuko wa dola bilioni 7 mpaka 10 kwa mwaka kupambana na haya magonjwa. Januari 2002 mfuko ukaanza kazi, makao makuu Geneva. Kikao hicho hicho cha Abuja marais wenyewe wakaahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwenye afya, na hii namba iwekeni kichwani maana mtaitumia sana, ni ahadi yao wenyewe sio ya mzungu.

Kipindi hicho watu walikuwa wanakufa huku dawa zipo. Mwaka 2000 dozi ya ARV ya mwaka mzima ilikuwa inazidi dola 10,000 kwa mtu mmoja, Februari 2001 kiwanda cha Cipla cha India kikatangaza kama dola 350. Bei haikushuka kwa huruma, nyuma yake kulikuwa na watu waliopiga kelele mabarabarani na mahakamani, kina TAC, kampeni ya kudai matibabu ya UKIMWI ya Afrika Kusini iliyoanza Desemba 1998, kwahiyo ukiambiwa uchechemuzi ni porojo za kwenye hoteli mkumbushe hilo.

Sasa Global Fund haina kisima cha mafuta, kila baada ya miaka mitatu inafanya harambee. Lyon 2019 ziliahidiwa dola bilioni 14 na kidogo, 2022 New York ikafika kama bilioni 15.7, halafu Novemba 2025 Johannesburg, wenyeji wakiwa Afrika Kusini na Uingereza, lengo lilikuwa bilioni 18 zikaahidiwa bilioni 11.34. Na hata kabla ya hapo, katikati ya 2025 mfuko ulikata dola bilioni 1.43 kwenye miradi ambayo tayari ilikuwa inaendelea maana baadhi ya walioahidi hawakuleta kwa wakati. Changanya na Marekani kusimamisha misaada Januari 2025 utaelewa kwanini mhudumu wa CTC (kliniki ya dawa za UKIMWI) aliyekuwa analipwa na mradi hayupo tena pale dirishani.

Hapo ndo vinapoingia vikundi vya kanda, vinavyowabana watoa hela kila kimoja kwenye eneo lake. Kuna familia inaitwa Friends, yaani marafiki wa Global Fund, kila mmoja ana eneo lake: Washington wapo tangu 2004, Japani 2004, Ulaya wako Paris, Australia na Pasifiki wapo, Afrika pia ipo. Kwanini wasiwe shirika moja tu? Kwasababu mbunge wa Japani hasikilizi mtu wa Paris, anamsikiliza mpiga kura wake na mfanyabiashara wake. Alafu kuna kitu wengi hawakijui, sheria ya Marekani inasema mchango wao kwa Global Fund usizidi asilimia 33 ya michango yote, maana yake ili Washington itoe dola moja wengine lazima wawe wametoa mbili. Kwahiyo anayembana waziri wa fedha Paris au Tokyo anafungua na mfuko wa Marekani hapo hapo. Mimi nilipoelewa hili ndo nikaacha kuwaona wale watu wa mikutano kama wala posho tu (baadhi ni wala posho, lakini sio wote).

Huku kwetu majina ya kuyajua ni machache. EANNASO wako Arusha, wanaunganisha mitandao ya UKIMWI na afya ya nchi za Afrika Mashariki. WACI Health wako Nairobi na wao ndo wanalea GFAN Africa, mtandao wa wachechemuzi wa Global Fund barani. Kwenye malaria kuna ALMA, umoja wa viongozi wa Afrika dhidi ya malaria, ulianza 2009 na mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Kikwete, wao wanatumia kadi ya alama yenye rangi, kijani unaenda vizuri, njano angalia, nyekundu umelala. Rais hapendi kukaa mbele ya wenzake kadi yake ina nyekundu. Hiyo mbinu ya rangi iibeni, nitarudi kwake.

Hatua ya 1: daftari

Nunua counter book, quire mbili inatosha. Usianze na akaunti ya benki, usianze na fulana, usianze na logo. Vikundi vingapi nimeviona vina mhuri na bango na havina hata ukurasa mmoja wa kuonyesha kituo chao kilikosa nini mwezi uliopita.

Piga mistari: tarehe, kituo, kitu kilichokosekana, nani aliambiwa hakipo (andika "mama mjamzito" au "mtoto chini ya miaka 5", USIANDIKE JINA), aliambiwa afanye nini, na safu ya mwisho siku kilipopatikana. Safu ya mwisho ndo kila kitu na ndo watu wanaisahau. Ukisema "mara nyingi dawa hakuna" mganga mkuu atakujibu "mara nyingi zipo" mkabishane mpaka jioni. Lakini ukisema tuseme, zahanati yetu kati ya tarehe 3 Oktoba na tarehe 30 Desemba ilikaa siku 19 bila kipimo cha malaria, hapo hamna mjadala wa hisia tena, anayetaka kubisha alete leja yake.

Chagueni vitu vinne au vitano tu vya kufuatilia. Sisi tulianza na vitu 22 tukachoka wiki ya tatu. Baadae tukabaki na mRDT, dawa mseto ya malaria, SP ya kuzuia malaria kwa wajawazito, vikopo vya makohozi na majibu yake yanachukua siku ngapi kurudi, na ARV za watoto. Hiyo ya majibu ya makohozi ilitufundisha sana, tulidhani shida ni mashine kumbe mashine ya GeneXpert ya kupima TB ilikuwepo hospitali ya wilaya na inafanya kazi, shida ilikuwa hamna mtu wa kubeba sampuli na nauli ya bodaboda haijawekwa kwenye mpango wa mtu yeyote.

Mkimaliza mwezi nendeni kwa mganga mfawidhi na daftari lenu, mkae nae, alinganishe na leja yake. Wengine wanaona huku ni kujipendekeza. Hapana. Yule ndo shahidi wenu wa kwanza, mara nyingi na yeye analia, alishaomba hakuletewa, na akiona hamjaenda kumchoma kwa DC atawaonyesha nakala za maombi yake. Mkiwavizia wahudumu kwa kuwapiga picha za siri mmekwisha, mtafungiwa mlango na wagonjwa wenu watalipa.

Kuhusu siri za watu sitaki utani. Tanzania Sheria ya UKIMWI ya 2008 inalinda siri ya hali ya mtu, na kuna sheria ya taarifa binafsi ya 2022 juu yake. Hata mtu akikubali kutoa ushuhuda, mwambie arudi nyumbani akalale akafikirie aje kesho. Niliona dada mmoja amepelekwa jukwaani na shirika fulani, kavalishwa kanga mpya, kapigwa picha, wiki ile ile picha ikafika kijijini kwa wakwe zake. Shirika likaandika ripoti nzuri.

Hatua ya 2: tafuta kufuli lilipo kabla ya kutafuta wa kulaumu

Dawa kukosekana kuna sababu kama tano na kila moja ina mlango wake. Labda kituo hakikujaza fomu ya maombi kwa wakati au kimejaza vibaya. Labda imekwama kwa mfamasia wa wilaya. Labda MSD, yaani bohari ya dawa ya serikali (Kenya ni KEMSA), hawajaleta au ghala halina. Labda taifa halijanunua kwasababu hela ya mfadhili imekatwa au ya serikali haijatoka hazina. Au labda dawa ilikuja ikaenda njia nyingine, mnanielewa.

Ukienda kumlilia mbunge kwa tatizo la fomu ya maombi umempotezea muda, na ukienda kumgombeza mganga mfawidhi kwa tatizo la hazina umemuonea. Ulizeni maswali matatu kwa mpangilio: mliomba lini? mliomba kiasi gani? mliletewa kiasi gani? Ukiwa na majibu hayo kwa vituo hata vinne utaona lenyewe, kama vyote vinne viliomba 500 vikaletewa 200 basi kufuli haliko kwenye kata yenu.

Tatizo la kituo linaishia kwenye kamati ya usimamizi ya kituo, ile yenye wajumbe wa kuchaguliwa na wananchi. Kuna watu hawajui kama ipo! Wajumbe wake wengine nao hawajui kama wao ni wajumbe. Siku hizi kituo kinapata hela moja kwa moja kwenye akaunti yake na hiyo kamati ina sauti kwenye matumizi, ile nauli ya boda ya sampuli sisi tuliimaliza hapo hapo, hatukwenda hata wilayani.

Hatua ya 3: kalenda, jamani kalenda

Mwaka wetu wa kwanza tuliandika barua nzuri mno, kurasa nne, mhuri, nakala kwa watu sita, tukampelekea mbunge mwezi wa saba. Alitupokea vizuri na chai tukanywa, akasoma, akasema wazee wangu bajeti imepita Juni, mwaka wa fedha umeanza tarehe 1, njooni mwakani. Kazi ya miezi mitano.

Kwahiyo Tanzania iko hivi: vituo na halmashauri vinaanza kupanga mwaka ujao kuanzia kama mwezi wa 11 mpaka wa 2, hapo ndo mpango kabambe wa afya wa halmashauri unapikwa, na kama kitu chenu hakimo mle sahau. Madiwani wanapitisha, kinapanda juu. Aprili mpaka mwisho wa Juni Bunge liko Dodoma kwenye bajeti, na kamati ya Bunge inayoshughulika na afya na UKIMWI inapitia kabla. Mikutano mikuu ya kijiji ni kila miezi mitatu, hiyo tumieni mwaka mzima.

Kenya mna raha kidogo maana tarehe ziko kwenye sheria: mpango wa maendeleo wa kaunti unatakiwa kufika bunge la kaunti tarehe 1 Septemba, taarifa ya sera ya bajeti ya taifa ni 15 Februari, ile ya kaunti 28 Februari, makadirio 30 Aprili. Ushirikishwaji wa umma ni wa kikatiba na ibara ya 43 inawapa haki ya afya, mkienda kwa MCA wenu, mjumbe wa bunge la kaunti, semeni hivyo bila kuogopa.

Sasa angalia siku za maadhimisho. Siku ya UKIMWI ni 1 Desemba, halmashauri za Tanzania ziko katikati ya kupanga. Siku ya TB ni 24 Machi, ya malaria 25 Aprili, moja iko mlangoni mwa bajeti na nyingine ndani yake kabisa. Na sisi tunazitumia kwa maandamano ya bendi na ngoma na DC kukata utepe! Siku hizo waandishi wa habari wanatafuta stori na mkuu wa idara amekaa meza kuu hawezi kukimbia, mpe karatasi yako pale.

Hatua ya 4: karatasi moja, ombi moja, mtu mmoja

Kurasa nne hakuna anayesoma. Juu weka kadi ya rangi kama ya ALMA, vituo vyenu vitano kwa vitu vyenu vitano, kijani kama hakikukosekana kabisa, njano siku chache, nyekundu zaidi ya wiki. Rangi za penseli zinatosha. Chini yake sentensi tatu za tatizo. Halafu ombi, na ombi liwe kitu ambacho mtu huyo ana mamlaka nacho na anaweza kujibu ndiyo au hapana. "Tunaomba serikali iimarishe huduma" sio ombi, hiyo ni dua. "Tunaomba halmashauri iweke nauli ya kusafirisha sampuli za makohozi mara mbili kwa wiki kutoka kata hizi tatu kwenye mpango wa mwaka ujao" hilo ni ombi, na mmepiga hesabu kabisa nauli ni shilingi ngapi kwa mwaka, msimwachie yeye apige.

Msitangaze asilimia za wilaya nzima wakati mna vituo vitano. Semeni vituo vitano.

Nendeni watatu, sio ishirini. Mmoja aliyewahi kuugua, mmoja anayejua namba, mmoja mzee anayeheshimika mtaani ambaye mkubwa hawezi kumkatisha. Salimieni vizuri, shukuruni kwa kilichofanyika, maana mkianza na lawama mtu mzima anafunga masikio. Mkitoka ombeni jina la afisa wa kufuatilia, na baada ya wiki mbili mpigieni.

Hatua ya 5: fikeni kwenye meza ya nchi

Karibu kila nchi inayopokea hela za Global Fund ina chombo cha kuandika maombi na kusimamia. Kwa kiingereza kifupi chake ni CCM, sasa Tanzania ukimwambia mtu mimi nawakilisha wagonjwa wa TB kwenye CCM ataanza kukuuliza umegombea lini, ndo maana kwetu kinaitwa TNCM, kiko chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, Zanzibar wana cha kwao, Kenya ni KCM. Ndani wamo serikali, wafadhili, dini, sekta binafsi, asasi, na watu wanaoishi na magonjwa yenyewe. Global Fund inataka wawakilishi wa asasi na wagonjwa wachaguliwe na wenzao kwa utaratibu wa wazi ulioandikwa, sio kuteuliwa na ofisi.

Kazi yenu basi: mjue anayewawakilisha ni nani. Ulizeni kupitia NACOPHA, baraza la taifa la WAVIU, kama ni WAVIU (Kenya NEPHAK), kupitia mitandao ya waliopona TB kama MUKIKUTE iliyoanzia Temeke, au EANNASO watawaelekeza. Mkishampata msimuombe kazi wala semina, mpeni kadi yenu ya rangi kila robo mwaka. Mwakilishi mwenye ushahidi mkononi anaongea tofauti kabisa na mwakilishi anayeongea kwa hisia. Na akisema hana hela ya kukutana na nyie, muulizeni kwa upole kuhusu bajeti ya chombo, maana kuna asilimia 15 inayotakiwa kwenda kwenye kukutana na makundi yanayowakilishwa. Wengi wanashtuka mkilijua hilo.

Maombi ya fedha yanaandikwa kwa mzunguko wa miaka mitatu, na kabla ya kuandikwa lazima kuwe na mashauriano na jamii. Hapo mkikosa mmekosa miaka mitatu. Ingieni na ombi moja, na mkitoka ombeni kuona lilipowekwa, likiwa halimo ulizeni limeondolewa na nani kwa sababu gani.

Hatua ya 6: kupanda kwenye kanda

Hapa watu wanakosea kwa kukimbilia juu. Mnaandika EANNASO au WACI Health barua ya kuomba ufadhili, hamjibiwi, mnasema ni wabaguzi. Wao sio benki. Wanachohitaji ni kile mlichonacho nyinyi na wao hawana, ushahidi wa mtaani. Andikeni ujumbe mfupi, sisi ni kikundi fulani, tunafuatilia vitu hivi vituo hivi tangu mwezi huu, hii kadi yetu, tunataka kuingia kwenye orodha yenu ya taarifa. Jiungeni kwenye vikao vyao vya Zoom hata kama bando linauma, sikilizeni tarehe, sikilizeni ombi la pamoja la bara ni lipi mwaka huu.

Kutoka hapo njia inaenda mbali. Bodi ya Global Fund ina kura 20, nusu wanaotoa nusu wanaopokea, na jamii zinazoishi na haya magonjwa zina kiti chao chenye kura, asasi za nchi zinazoendelea zina chao. Friends wa Washington au Paris akiingia kwa mbunge wake anahitaji stori ya mtoto aliyepata ARV ya watoto mahali fulani, na hiyo inatoka kwenye daftari kama lenu. Ila mkiombwa "stori" na mtu wa nje, ulizeni inaenda wapi, itaonekana na nani, jina linatoka au halitoki, mtaiona kabla haijatoka? Asiyejibu msimpe.

Na huko juu msiende kuomba wazungu tu. Baada ya 2025 ombi linalosikika zaidi ni la hela za ndani, ile asilimia 15 ya Abuja, Mfuko wa Udhamini wa UKIMWI, kodi za vileo na sigara. Mchechemuzi wa Ulaya anabanwa na swali "na nyinyi wenyewe mnatoa nini?", mkimpa jibu la halmashauri yenu imeweka nauli ya sampuli kwenye bajeti yake mmemsaidia kuliko mnavyodhani.

Hatua ya 7: usajili na hela

Usajili wa kikundi cha kijamii anzieni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, halmashauri inasajili, Kenya kuna sheria ya vikundi vya jamii ya 2022. NGO kamili subirini, makaratasi yake ya kila mwaka yatawamaliza.

Posho. Iongeleeni siku ya kwanza kabla haijaja. Sisi tulikubaliana: nauli halisi na chai kwa anayekwenda, basi, na kila anayetumwa analeta maelezo kwa mdomo kikao kinachofuata. Tuliondokewa na watu wanne kwa sababu hiyo na kikundi kikawa chepesi. Mkipata ruzuku, msichukue hela ya mtu mnayemfuatilia bila kuwaambia wanakikundi wote.

Mwisho kabisa, daftari lipigwe picha kila Ijumaa ukurasa kwa ukurasa, lirushwe kwa watu watatu tofauti. La kwetu la kwanza lilikaa kwa katibu, katibu akahamia Mwanza kwa mume, daftari likaenda na vyombo.